Je, kweli disko ndiyo iliyoiua soul?

Usiku wa kuukaribisha mwaka 1978, Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic walifika mlangoni mwa Studio 54, klabu ya disko jijini New York. Mwimbaji Grace Jones ndiye aliyewaalika. Majina yao hayakuwa kwenye orodha, baunsa akawafukuza. Wakarudi kwa Rodgers na hasira zao, mmoja akashika gitaa, mwingine besi, wakaanza kumtukana yule baunsa kwa mdundo. Baadaye tusi lilibadilishwa ili redio zisilikatae, wimbo ukaitwa Le Freak, na Desemba 1978 ukashika namba moja Marekani. Uliuza nakala kwa mamilioni.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi nakitazama kama ushahidi katika kesi ambayo haijaisha mpaka leo: kwamba disko, pamoja na mastaa na anasa zake, ndiyo iliyouzika muziki wa soul.

Wanaoshtaki wana hoja nzito. Soul ilisimama juu ya mwimbaji, mara nyingi mtu aliyelelewa na kwaya ya kanisa, akiungwa mkono na bendi inayomsikiliza na kumfuata. Disko ilimweka mbele prodyuza na ngoma isiyobadilika, na kuna santuri nyingi za 1978 na 1979 ambazo ukimwondoa mwimbaji husikii pengo. Wakongwe nao walilazimika kubadili mavazi. Johnnie Taylor, aliyekuwa akiimba soul yenye harufu ya bluzi katika kampuni ya Stax, mwaka 1976 alipata singo ya kwanza kabisa kutunukiwa cheti cha mauzo cha platinamu, na jina lake lilikuwa Disco Lady, ingawa ukiusikiliza wimbo wenyewe ni funk tu. James Brown mwaka 1979 alitoa albamu akijitangaza kuwa yeye ndiye mtu wa disko wa asili. Mtu aliyewafundisha wenzake mdundo analazimika kujitambulisha upya! Tena kuna suala la mfuko: DJ mwenye mashine mbili za santuri ni nafuu kuliko bendi ya watu kumi, na wenye kumbi hawakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Lakini mdundo unaoshtakiwa ulizaliwa wapi? Ulizaliwa Philadelphia, kwenye nyumba ya soul yenyewe. Mwaka 1973, katika kampuni ya Kenneth Gamble na Leon Huff, mpiga ngoma Earl Young alikuwa akirekodi na kundi la Harold Melvin and the Blue Notes wimbo ulioanza kama wa polepole. Wakauharakisha, mguu wake ukapiga kila pigo sawasawa, matoazi yakawa yanafunguka na kufunga katikati, na hapo mtindo ulioenea duniani ukawa umepata umbo. Waliokuwa studio hawakujua kwamba wanaua kitu.

Na walioupokea kwanza hawakuwa mastaa. DJ David Mancuso alikuwa akifanya sherehe nyumbani kwake Broadway, New York, tangu 1970, kwa mwaliko, bila kuuza pombe, na sakafuni walikuwa weusi, Walatini na wapenzi wa jinsia moja ambao kumbi nyingine ziliwasumbua. Ndiye aliyeokota Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kameruni kwenye duka la santuri Brooklyn akaipiga mpaka watu wakaanza kuitafuta mjini. Mwaka 1973 ikaingia kwenye chati kuu ya Marekani. Baadaye, kwenye ukumbi wa Paradise Garage jijini humo, DJ Larry Levan alikuwa akipiga santuri za Loleatta Holloway, mwanamke aliyetoka kwenye injili ya Chicago na ambaye hakupunguza hata chembe ya sauti ya kanisani. Mwenye kudai disko haikuwa na roho amsikilize huyo kwanza.

Kwa hiyo natenganisha sakafu na kamba ya mlangoni. Studio 54, iliyofunguliwa Aprili 1977 na Steve Rubell na Ian Schrager, iliuza kamba. Rubell alisimama nje akichagua nani aingie, na mwenyewe alilinganisha kazi hiyo na kuchanganya saladi. Nikiri upande wa pili una lake: kijana asiye na senti lakini amevaa kwa ubunifu aliweza kupita huku tajiri akiachwa barabarani, na ndani angeweza kucheza hatua chache kutoka kwa msanii Andy Warhol. Hata hivyo, picha ya Bianca Jagger, mke wa mwimbaji Mick Jagger wakati huo, akiwa juu ya farasi mweupe ndani ya ukumbi huo ilizunguka dunia nzima, na nani anakumbuka wimbo uliokuwa ukipigwa? Habari ikawa nani ameingia. Muziki uliotengenezwa na weusi kwa jasho ukaonekana mali ya matajiri wanaojirusha, wakati Rodgers na Edwards, miongoni mwa waliouandika, walikuwa wameachwa nje kwenye baridi.

Sura hiyo ndiyo iliyochukiwa Chicago tarehe 12 Julai 1979. Mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita watu uwanja wa besiboli wa Comiskey Park: senti 98 na santuri moja ya disko, unaingia. Walifika kama 50,000. Rundo likalipuliwa, watu wakavamia uwanja, mchezo wa pili wa siku hiyo ukashindikana. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akifanya kazi uwanjani, alisema baadaye kwamba nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa disko, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Dahl anakanusha ubaguzi, na naamini wengi walikuwa vijana waliochoshwa na redio na waliotaka fujo. Nia yao haibadilishi kilichofuata.

Na kilichofuata ndicho kinachonifanya niyapunguze mashtaka. Kama disko ilikuwa imeikaba soul koo, kuanguka kwake kungeipa soul pumzi. Haikuwa hivyo. Kampuni zilikimbia chochote chenye mdundo wa kucheza, na MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, ilipoanza mwaka 1981 wasanii weusi walionekana kwa nadra. Waliopanda juu ya disko kuchuma ndio walioitupa, na soul ikatupwa nayo kwenye gari lile lile.

Chic walishika namba moja kwa Good Times mwezi uliofuata vurugu za Chicago, kisha hawakuingia tena kwenye 40 bora za Marekani. Lakini besi ya Edwards katika wimbo huo iliendelea na safari: kwanza kwenye wimbo wa rap Rapper's Delight, halafu ikampa John Deacon wa bendi ya roki ya Queen wazo la Another One Bites the Dust. Akaimba Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na Oktoba 1980 wimbo huo ukaongoza chati ya Marekani. Mashabiki wa roki waliununua bila kinyongo.