Usidanganywe na ulaini wa kiatu

Mwenye maumivu ya kisigino akiingia duka la viatu, kwanza huibonyeza soli kwa kidole gumba. Ikizama, uso unachangamka, anatoa pesa. Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Kiatu laini sana hukufurahisha kwa dakika mbili za kujaribu, kisha kutwa nzima mguu unayumba ndani yake.

Mara nyingi kinachouma ni utando mgumu unaopita chini ya unyayo, kutoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Usiku mguu ukilegea, utando hujikaza. Asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla, ndiyo maana hatua za kwanza ni kama umekanyaga msumari. Mguu wa namna hiyo unataka kushikwa. Ulaini uwepo, lakini juu ya soli iliyo imara.

Kwa hiyo mimi hukipima kiatu kwa mikono kabla ya kukivaa. Nakishika nyuma na mbele, nakikunja. Kikikunjika pale vidole vinapokunjika, tunaendelea kuongea. Kikijikunja katikati, nakirudisha, hata kiwe kizuri namna gani. Halafu nakisokota nione kama soli ni imara, na mwisho nabana ukuta wa nyuma: ukilala bila ubishi, hautakituliza kisigino changu. Napenda pia kisigino kiinuke kidogo kuliko vidole, sentimita 2 au 3 hivi. Neno “tiba” kwenye boksi halinishtui. Boksi lolote huandikika.

Kajaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na upime kwa ule mguu mkubwa, maana ni nadra kulingana.

Lakini kosa ninaloliona kila mahali liko nyumbani. Mtu ananunua raba ya maana ya kutokea, akirudi anaivua mlangoni na kushinda pekupeku kwenye sakafu ngumu, au anavaa kandambili iliyokwisha hadi unahisi vigae. Kandambili yenyewe inakulazimisha kubana vidole isikuchomoke, na unyayo unazidi kukazika. Kama fedha inatosha jozi moja tu, ningeanza na ya ndani: sendo yenye mkanda wa nyuma na kitako kinachoinuka katikati ya unyayo, ikae kando ya kitanda, uivae kabla hujasimama.

Wa ofisini wenye viatu rasmi wanaweza kuweka soli ya ndani ya kununua. Ila itoeni kwanza ile iliyokuja na kiatu. Ukizibebanisha zote mbili, kiatu kinakuwa kifupi kwa kina na kisigino kinachomoka kila hatua.

Na vile ulivyonavyo, viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Kilicholala upande mmoja kimekwisha kazi, hata kama juu kinang’aa.

Kiatu peke yake hakimalizi shughuli. Kunyoosha misuli ya shavu la mguu kwa kuegemea ukuta kila siku kunasaidia sana, na bado kupona kunaweza kuchukua miezi kadhaa. Ila kisigino kikivimba, kikifa ganzi, au kikiuma usiku ukiwa umelala tu, achana na habari za viatu kwanza, kamwone daktari.