Kisanduku Kwenye Fomu ya Kazi: Je, Kukiondoa Kunamsaidia Aliyetoka Gerezani?

Kwa miaka mingi fomu za kuombea kazi nchini Marekani zimekuwa na kisanduku ambacho mwombaji hutakiwa kukitia alama iwapo amewahi kupatikana na hatia ya jinai. Mwaka 1998 Hawaii ilikuwa jimbo la kwanza kuwazuia hata waajiri binafsi kuuliza swali hilo kabla ya kumwahidi mtu kazi, na majimbo mengi yameweka sheria za namna hiyo tangu wakati huo.

Wanaotetea sheria hizi wana hoja nzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi mjini Milwaukee wakiwa na sifa zinazolingana. Wazungu wasiotaja kifungo walipigiwa simu na asilimia 34 ya waajiri, na waliotaja kifungo asilimia 17. Kwa Weusi viwango vilikuwa asilimia 14 na 5. Mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake alikuwa akiadhibiwa tena kila alipojaza fomu.

Hata hivyo, watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walipotuma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 New Jersey na jijini New York, waligundua jambo la kuhuzunisha: kabla ya kisanduku kuondolewa, waombaji wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya Weusi, na baada ya kuondolewa pengo hilo lilifika asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa taarifa alianza kukisia, na aliyeumia ni kijana Mweusi ambaye huenda hajawahi kukanyaga gereza.

Kwa maoni yangu, sheria hii inaficha hofu ya mwajiri bila kuiondoa, ilhali hofu yenyewe si chuki tupu, kwa kuwa mahakama za huko zinaweza kumtoza fidia mwajiri aliyeajiri kwa uzembe mtu akaja kumdhuru mteja. Ndiyo maana naupa uzito zaidi mpango wa dhamana ulioanzishwa na serikali kuu mwaka 1966, ambao humkinga mwajiri bure kwa miezi sita ya mwanzo dhidi ya hasara ya wizi au udanganyifu, kwa kawaida hadi dola 5,000. Mwajiri hupata nafasi ya kumpima mtu kwa kazi yake.

Kisha kuna kuidumisha kazi, suala ambalo mjadala wa fomu haugusi kabisa. Aliyeachiwa kwa masharti huweza kutakiwa kuripoti kwa afisa wake saa za kazi, pengine hana leseni ya udereva, na anayekosa zamu mara mbili kwa sababu hizo hufukuzwa kama mzembe mwingine yeyote. Nchini Kenya, ambako waajiri wengi hudai cheti cha polisi cha tabia njema, wanaotaka cheti hicho kisidaiwe mapema wangefanya vyema kudai pia dhamana ya aina hiyo, pamoja na ratiba za kuripoti zisizogongana na zamu.