Gemu ya Chekechea Ianze na a, e, i, o, u

Mzazi anayetaka gemu ya kumfundisha mtoto wake wa miaka minne kusoma hupakua ile ya kwanza anayokutana nayo: rangi tele, muziki, na sauti ya Kizungu inayoimba "ei, bii, sii". Baada ya muda mtoto anaziimba zote na nyumba nzima inampigia makofi. Mimi naona tumemwongezea mtoto kazi.

Chukua irabu peke yake. Kwenye gemu ile A huitwa "ei", E huitwa "ii", I huitwa "ai". Mtoto huyohuyo akifika darasa la awali, mwalimu anaandika ubaoni a, e, i, o, u. Ile aliyozoea kuiita "ii" sasa ni "e", na iliyokuwa "ai" ndiyo sasa "i". Kwa nini abebeshwe mkanganyiko huo, ilhali Kiswahili kinasomeka jinsi kinavyoandikwa? Akishazijua irabu tano na kushika ba, be, bi, bo, bu, tayari anasoma baba, babu na bibi, watu anaoishi nao.

Ndiyo maana sitosheki na gemu ya Kiingereza iliyotafsiriwa vitufe tu. Mpango wake wa kufundisha unabaki uleule, herufi mojamoja na picha ya tufaha. Gemu ya Kiswahili inapaswa kujengwa juu ya silabi: mtoto aburute "ba" kwa kidole, aiunganishe na "ta", asikie "bata", kisha amwone bata huyo akitembea. Akikosea, isimzomee wala kumpigia king'ora. Imtamkie tena, imsubiri.

Hili linawezekana, na lilijaribiwa hapahapa Tanzania. Katika Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili viligawiwa kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga darasani. Walivitumia kwa miezi 15, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwaka 2019 timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto wale walikuwa wakubwa kuliko wa chekechea, lakini hatua walizoanza nazo, kutambua sauti, kuhesabu vitu, kufuatisha umbo la herufi kwa kidole, ndizo hizohizo za darasa la awali.

Kinachonikera zaidi ni matangazo. Gemu nyingi za bure humkatiza mtoto katikati ya kuhesabu maembe na kumwekea tangazo la kamari au la mkopo, na kidole chake hakijui kutofautisha embe na tangazo. Hili halina utetezi. Zima data kabla hujampa simu, na gemu isiyocheza bila intaneti ifute.

Tena simu isigeuke yaya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku akiwa ameketi mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi nikimpa mtoto robo saa naona yatosha, mradi nimekaa naye na tunasoma silabi kwa sauti pamoja. Baada ya hapo akazichore mchangani, akahesabu vizibo vya soda. Vidole vinavyojifunza kushika penseli vinahitaji vitu vya kushikika.

Wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu wanaotafuta mradi wa mwisho, msimbo (code) wa programu za washindi wale ulitolewa wazi kwa yeyote kuutumia. Uchukueni. Mtafuteni mwalimu wa awali awape mfuatano wa silabi anaoutumia darasani, rekodini sauti ya mtu anayetamka Kiswahili vizuri, mkaijaribu kwenye simu ya bei ndogo kabla ya kuipeleka kokote.