Kosa la namba tano

Mpwa wangu amerudi shule na daftari la sayansi, uso umevimba. Swali: linganisha ndege wa baharini na mti wa msonobari. Ndege ana mbawa, mti hauna. Pata. Ndege hutaga, mti huzaa koni. Pata. Namba tano kaandika: "Ndege mmoja wa baharini hutaga juu ya mti wa jamii hiyo." Kosa, la wino mwekundu, na pembeni: "Ndege wa baharini hukaa baharini."

"Mamdogo, si wewe uliniambia?"

Ni mimi.

Huko pwani ya Pasifiki, Marekani na Kanada, yuko ndege anaitwa mureleti. Hafiki hata robo kilo. Samaki anavua baharini, lakini wataalamu walitafuta kiota chake miaka na miaka wasikione. Mwaka 1974, kule California, mpanda miti aliyekuwa kazini kwake juu ya Douglas fir, mti wa jamii ya msonobari, zaidi ya mita 40 kutoka chini, akakuta kifaranga kimetulia tawini. Vijiti hakuna. Yai hutagwa moja tu, juu ya kuvumwani, lile zulia la kijani unaloliona ukishapita geti la Marangu kupanda Kilimanjaro. Wazazi huweza kuruka kilomita 80 kutoka baharini, alfajiri, samaki mmoja mdomoni. Hiyo ni Moshi hadi Arusha, tena bila konda kusimamisha gari Boma Ng'ombe. Na kifaranga siku ya kwanza kuruka kinakwenda baharini moja kwa moja, peke yake, hakuna wa kukionyesha njia!

Sasa tawi la kubeba yai hilo lazima liwe pana na nene, yaani mti uliokula karne na zaidi. Saiprasi zetu za West Kilimanjaro, zimepangwa kama wanafunzi mstarini, hazisubiriwi hata miaka 50. Halafu kila mwaka mgeni rasmi anamwagilia mche kwa maji ya chupa, picha, makofi, tunatangaziwa msitu umerudi. Umerudi wapi? Ile ni miche. Mureleti wa California, Oregon na Washington aliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1992, hasa kwa sababu miti yake mizee ilikatwa, na hakuna yai linaloweza kusubiri mche ukue kwanza.

Haya, mbao tunazihitaji. Mlango wa jiko langu ni saiprasi, na afadhali hiyo kuliko msumeno kupanda mlimani, ambako umepimwa mti uitwao mkukusu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliopimwa Afrika. Si msonobari, najua. Ila nani kati yetu amewahi kuuliza nani analala kwenye matawi yake?

Nikasaini daftari na kuandika chini: "Mwalimu, naomba namba tano iangaliwe tena." Limerudi leo. "Mzazi afike shuleni."

Alhamisi naenda. Picha ya mureleti ninayo kwenye simu.