Keshi au kadi?

Abiria wa Dar es Salaam wanaijua simu hii. Umeita gari kwenye app, dereva amekubali, halafu anapiga: "Bosi, unaelekea wapi? Unalipa keshi au kadi?" Ukitaja kadi, safari inafutwa. Aliyeachwa kwenye mvua barabarani ana haki ya kukasirika. Ila hesabu za dereva huyo nazo zitazamwe.

Chukua nauli ya shilingi 10,000. Kamisheni ya app ya asilimia 25 inaondoka na 2,500, tena inakatwa kwenye nauli nzima, si kwenye faida. Mafuta ni juu yake, na mwaka 2022 lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000. Kilomita za kukufuata ulipo mara nyingi hazilipwi. Jioni tajiri mwenye gari anasubiri hesabu yake, siku iwe nzuri au mbaya. Akiugua, hakuna wa kumlipa, maana kwenye makaratasi hajaajiriwa na mtu. Pesa ya kadi nayo huja baadaye, na sheli hawakopeshi. Kwa hiyo anapouliza keshi au kadi, anataka kujua kama atapata mafuta ya safari inayofuata.

Wanaozitetea app wana hoja. Zimempa kazi kijana asiye na kijiwe, na abiria anajua bei kabla ya kupanda. Nani anayakumbuka kwa hamu yale mabishano ya dirishani? Tena LATRA, mamlaka ya Serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15 mwaka 2022, kampuni ya app ya Uber ilisitisha huduma Aprili hiyo, ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Wapo wanaoona hilo ni fundisho kwamba Serikali ikae mbali na teknolojia.

Sioni hivyo. LATRA na Uber walivutana juu ya asilimia, na hakuna asilimia inayolipa kilomita za bure wala siku ya kuugua. Uingereza walianza na swali jingine: huyu dereva ni nani? Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva walioishtaki Uber ni wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kwetu swali hilo ni gumu zaidi, kwa sababu dereva ana matajiri wawili, app na mwenye gari, na ukiwauliza, kila mmoja atasema mwajiri ni yule mwingine.