Usiifungulie intaneti hifadhidata yako

Kampuni nyingi za wingu siku hizi zinakupa kitufe kimoja cha kuitoa huduma nje. Ukikibonyeza, PostgreSQL, programu ya hifadhidata, iliyokuwa ndani ya mtandao wa faragha inapata jina la hadharani na namba ya poti (mlango wa huduma kwenye anwani), na kuanzia hapo yeyote mwenye intaneti anaweza kuja kubisha. Nyuma ya kitufe hicho kuna proksi (programu ya katikati) ya TCP, itifaki ya msingi ya kusafirisha data mtandaoni. Kwa maoni yangu, tumekizoea mno upande wa hifadhidata, tena kwa kazi ambazo zina njia salama zaidi na isiyo ngumu.

Proksi ya TCP yenyewe sina ugomvi nayo. Inapokea muunganisho kutoka nje, inafungua mwingine kuelekea kwenye huduma yako, kisha inapitisha baiti huku na huku bila kuzisoma, kama bodaboda anayefikisha kifurushi kilichofungwa. Ndiyo maana inabeba chochote: PostgreSQL, Redis (hifadhidata nyingine), seva ya gemu, vihisi vya shambani vinavyotumia MQTT, itifaki ya ujumbe ya vifaa vidogo. Ila kwa kuwa haisomi, haina namna ya kumtofautisha mfanyakazi wako na mtu anayebahatisha nenosiri.

Wapo wanaojifariji kwa namba ya poti. Kwenye wavuti kivinjari hutaja jina la tovuti, kwa hiyo tovuti maelfu zinaweza kukaa kwenye anwani moja na poti 443. TCP tupu haina jina, ina anwani na poti tu, hivyo kampuni inakupa poti yako peke yako, tuseme 34817 badala ya 5432 ya kawaida ya PostgreSQL. Hiyo namba ngeni haimfichi mtu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye laini ya gigabiti 1 inapekua anwani zote za IPv4, kwa poti moja, chini ya dakika 45. Anayejua anwani chache za proksi za kampuni fulani anaweza kuzipitia poti zote 65,535 bila jasho, na PostgreSQL itamjibu kwa salamu yake ileile popote ilipo.

Matokeo yake tuliyaona Januari 2017, pale makumi ya maelfu ya hifadhidata za MongoDB yalipofutwa na kuachiwa ujumbe wa kudai Bitcoin. Nyingi zilikuwa zimeachwa wazi bila nenosiri. Baadaye mwaka huohuo toleo la 3.6 la MongoDB likaanza kusikiliza ndani ya mashine yenyewe tu hadi uliambie vinginevyo. Redis ilikuwa imetangulia mwaka 2016 kwa toleo la 3.2: kama hukuweka nenosiri wala hukuipangia anwani ya kusikiliza, inamkataa mgeni wa nje.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ulinzi wa namna hiyo unategemea anwani ya anayeingia, na proksi inaibadilisha. Weka HAProxy au Nginx, programu za proksi, kwenye mashine ileile yenye Redis, na kila mgeni kutoka kona yoyote ya dunia ataonekana ametoka 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe. Redis inamhesabu kuwa mwenyeji, inamfungulia. PostgreSQL nayo, ikiwa faili lake la kanuni za kuingia, pg_hba.conf, lina mstari wa trust (yaani amini) kwa 127.0.0.1, itamruhusu bila kumuuliza nenosiri. Hata proksi ikiwa kwenye mashine nyingine, logi zako zitajaa anwani moja ya ndani. Siku ukishambuliwa hutajua umzuie nani, na ukiizuia anwani hiyo umewafungia na wateja wako. Ipo itifaki ya PROXY, iliyobuniwa na Willy Tarreau wa HAProxy, inayotanguliza anwani halisi ya mgeni mwanzoni mwa muunganisho. MariaDB, hifadhidata nyingine, inaielewa. PostgreSQL ya kawaida haiielewi.

Cheti, kinachothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe, nacho kina shida yake. Jina la proksi mara nyingi halilingani na lililo kwenye cheti cha hifadhidata, basi watu wanaweka mpangilio wa sslmode=require na kuendelea. Data inasimbwa, sawa, lakini jina la seva halihakikiwi. Kinachohakiki ni sslmode=verify-full.

Najua hoja ya upande wa pili: nina laptopu, nataka kuangalia jedwali moja, nifanyeje? Tumia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva ya mbali, hivi:

ssh -L 5433:db.internal:5432 mimi@seva-yangu

Sasa unganisha programu yako na localhost:5433, yaani poti 5433 ya laptopu yako. Hifadhidata inabaki faragha, na kilicho wazi nje ni SSH pekee, kwa ufunguo badala ya nenosiri. Timu ikiwa kubwa, WireGuard, programu ya VPN (mtandao wa faragha juu ya intaneti), imo ndani ya kerneli, yaani kiini, cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Kwetu tunaotumia bando la simu Dar es Salaam au Nairobi hili lina uzito zaidi, kwa sababu orodha ya anwani zinazoruhusiwa haitufai sana. Anwani ya simu hubadilika, na mara nyingi wateja wengi wa mtandao huohuo wanaitumia kwa pamoja. Ukiiruhusu yako, umewaruhusu na wao.

Proksi ibaki kwa huduma zilizotengenezwa zipokee wageni: gemu, MQTT yenye usimbaji wa TLS kwenye poti 8883 na cheti kwa kila kifaa. Kwa hifadhidata, ukilazimika kabisa, tumia akaunti ya kusoma tu, na ukimaliza ufunge. Na kampuni za wingu nazo ziweke kikomo cha muda kwenye kitufe hicho, saa 24 kwa mfano, kisha poti ijifunge yenyewe, na anayeihitaji zaidi aombe upya kwa kutaja sababu.