"Msiwaguse masihi wangu": ni akina nani hao?

Katika makanisa mengi ya Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, hakuna mstari unaofunga midomo kama Zaburi 105:15. Muumini akiulizia hesabu ya sadaka, au unabii wa mwaka jana ulioishia hewani, atajibiwa: "Msiwaguse masihi wangu," yaani mchungaji ni mpakwa mafuta wa Mungu, asihojiwe. Amina zitasikika, na mwenye swali atakaa chini.

Wanaoihofia akili katika kusoma Neno wana hoja, tena si ya kubezwa. Mithali 3:5 yakataza mtu kuzitegemea akili zake mwenyewe, na Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno. Wapo pia wasomi ambao, wakishalichambua andiko, hawakuachii hata la kuombea.

Lakini hebu panda mistari mitatu tu juu ya huo unaopendwa. Zaburi inawasimulia akina Abrahamu, Isaka na Yakobo wangali wachache, wageni, wakihama taifa hili kwenda lile. Waliokemewa ni wafalme; waliolindwa ni watu wasio na kwao. Siku hizi anayelindwa ana mabaunsa mlangoni, na anayekemewa ni mjane.

Daudi naye hutajwa sana, kwamba alimpata mfalme Sauli pangoni akakataa kumuua, kwa kuwa ni masihi wa Bwana. Kweli kabisa, ila mahubiri huishia mle pangoni. Endelea na 1 Samweli 24: Daudi anatoka nje, anamwita mfalme kwa sauti, anamwonyesha pindo alilolikata kwenye vazi la mfalme huyo, anamuuliza kwa nini anasikiliza maneno ya watu. Hakumgusa, lakini alimhoji. Sauli akalia.

Hapa jirani, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola kuanzia Aprili 2023, ya watu walioripotiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Utaambiwa hao ni wachache waliopotoka. Sawa, lakini mtu hafikishwi huko kwa siku moja. Kunyamaza hufundishwa mapema, kwenye mambo madogo kama sadaka.

Wala kuhoji si kazi ya waliotoka chuo cha theolojia pekee. Hata anayesomewa Biblia anaweza. Katika Matendo 8 towashi wa Kushi, akiwa garini na kitabu cha Isaya, anamuuliza Filipo: nabii asema haya kwa habari ya nani, yake mwenyewe au ya mtu mwingine? Filipo hakumwambia apokee tu. Alianzia andiko lilo hilo, na ubatizo ukafuata njiani.